Historia ya Bwana Vumbi, Aliyemtafuta Babu Yake Katika Majalada

Ndugu waombolezaji, mzee wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Bwana Vumbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, nyumba ya pili kutoka karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi seremala na mshona nguo, akasoma shule ya mtaani hadi mwaka 1953, kisha akajifunza utunzaji wa majalada, ambako mwalimu wake alimsifu kwa mwandiko na kumwonya kwa ukaidi.

Tarehe 2 Januari 1957 aliajiriwa katika ghala la kumbukumbu za serikali, na jina la utani akalipata hukohuko, kwani kila jioni alitoka na nyusi nyeupe kana kwamba amezeeka tangu asubuhi. Tarehe 9 Agosti 1963 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi, wakajaliwa watoto wanne, na mkewe, aliyeketi hapa mbele, alizoea kusema kwamba hana mke mwenza ila makaratasi.

Makaratasi hayo yalikuwa na sababu. Seremala, baba yake, alikuwa na miaka sita mwaka 1917, pale baba yake yeye, mhunzi, alipotoka kufuata mkaa asirudi, watu wakasema ameitelekeza familia, mtoto akakua akiitwa mwana wa mtoro, na hata alipokwenda kuposa aliulizwa kama naye ana miguu ya baba yake.

Marehemu alianza kumtafuta babu huyo mwaka 1979, na tarehe 11 Oktoba 1984 akamkuta katika orodha ya wapagazi waliokamatwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi la wakoloni, jina limekosewa herufi mbili, lakini kazi yake uhunzi, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hana, kama familia ilivyosimulia siku zote. Moyo wake ulijua, ila yeye alikuwa mtu wa kuhakikisha, akaandika barua kwenye ghala jingine kuomba daftari la vifo, akakaa kimya.

Baba yake, wakati huo hainuki kitandani, alimuuliza kila Jumapili, "Mwanangu, umempata?" naye akajibu, "Bado kidogo, Baba, nahakikisha."

Seremala alifariki tarehe 21 Mei 1985. Majibu yakafika tarehe 3 Juni, kwamba mhunzi alifia kambini tarehe 9 Novemba 1917, na karani alikuwa ameandika pembeni kwamba mgonjwa aliomba mkewe apelekewe habari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haya yalimuuma marehemu miaka yote iliyobaki, kwa maana jibu la baba yake lilikaa miezi saba kwenye saraka ya meza yake, na baba akaenda kaburini akiamini aliachwa.

Tangu hapo, aliyekuja kumtafuta ndugu hakuondoka mikono mitupu, aliambiwa kilichojulikana siku hiyohiyo, na hata baada ya kustaafu tarehe 30 Juni 1998, sebule yake haikukosa wageni wenye vyeti vilivyochakaa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 4 Februari 2024, na hapo wodini akamwandikisha binti yake mkubwa majina ya watu kumi na mmoja ambao habari za wazee wao hazijakamilika. Alifariki tarehe 17 Februari, saa moja na robo asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufagia tusijue nani kafanya nini, na wafanyakazi wenzake wa ghala. Kati ya wale kumi na mmoja, wanne tumewaona hapa, tunawaomba msiondoke baada ya mazishi kabla ya kuonana na binti yake, anazo karatasi zenu, na atawaambia yote aliyoyapata marehemu, yaliyohakikishwa na yasiyohakikishwa.

Pumzika kwa amani, Baba.