Ugonjwa wa Wanawake

Plamedie alikuwa akimpeleka hospitali baba yake, Papa Casimir, fundi mstaafu wa reli aliyeanguka kanisani Jumapili mbele ya kwaya nzima. Ndani ya basi la kutoka Katuba, mzee alikataa kukaa na binti yake, akaketi karibu na mama muuza samaki.

"Dokta anasema niko na kizunguzungu," akamlalamikia. "Mama, ile iko bugonjwa ya banamuke! Banaume banapataka buziwi."

"Miye niko mwanamuke, na sikio yangu moja haisikie kitu. Niliiba bugonjwa ya nani?"

Mzee akafikiri kwa makini. "Basi tubadilishane."

"Hapana, papa. Nabebaka samaki ku kichwa. Na kizunguzungu yako, itaanguka yote."

Plamedie aliona aibu, akajikaza asicheke. Basi liliposimama mbele ya hospitali, baba yake alikataa katakata kushuka. Mama muuza samaki akamshika mkono bila kumwomba ruhusa, wakashuka pamoja. Mzee alipepesuka, akamwegemea, akamnong'oneza:

"Bakikuuliza, sema mugonjwa njo weye, miye njo nakusindikiza."

Plamedie akawafuata nyuma, amebeba samaki.