Watu wa Daraja Lile Hawakuvuka

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, hata na mtu aliyemzushia mambo! Semeni amina, halafu mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni Gaudensi, mwenyeji wa Songea, mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga kule Observatory, hapa hapa Johannesburg. Hapa kanisani Jeppestown mnaniita Papa Koplo, kwa sababu nilikuwa askari, na kwa sababu ya ushuhuda wangu wa vita. Wengine mnaujua kuliko Zaburi. Kwamba kikosi chetu kilipelekwa Liberia kulinda amani, wenyeji wakiwa wanauana wao kwa wao. Kwamba nililinda daraja, waasi wakaja wanafyatua risasi, nikaliita jina la Yesu, risasi zikapinda, na raia wote wakavuka salama. Miaka tisa nimeutoa. Wageni wakija, Mchungaji ananiita: "Papa Koplo, utupe ile ushuhuda ya daraja!" Vigelegele, kinanda, kila kitu.

Ndugu zangu, ule ushuhuda ni uongo.

Liberia nilikwenda. Daraja lilikuwepo, na nililinda kweli. Hayo mengine niliyaongeza.

Ilikuwa hivi. Amri ilikuwa kufunga kizuizi saa kumi na mbili jioni. Wiki nyingi tulikuwa tunakula wali tu, na siku ile unga wa mahindi ulikuwa umefika. Mtu wa Songea akae muda wote huo bila ugali! Wenzangu wakaniita kutoka jikoni kwamba umeiva. Nikafunga kizuizi saa kumi na moja na nusu. Ng'ambo kulikuwa na watu wamepanga mstari, labda thelathini. Mama mmoja wa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akanionyesha jua, kwamba bado liko juu. Aliniomba kwa upole sana. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kambini arudi kesho asubuhi. Nikaenda kula.

Sijanawa hata mikono baada ya kula, risasi zikaanza kulia upande wao. Sisi haikutufikia hata moja. Asubuhi nilifungua kizuizi mapema, na hakuja mtu. Kama walikimbilia porini, kama walikufa, sijui. Mpaka leo sijui.

Mtauliza kwa nini nilidanganya. Nilipofika Johannesburg niliwakuta ninyi, watu wa Bukavu na Uvira kule Kongo, kila mmoja na ushuhuda wake wa kukimbia askari. Nikaambiwa nami nisimame. Eish! Ningesema nini, kwamba mimi ndiye yule askari? Nikawavusha wale watu kwa mdomo. Mkashangilia, nikaona kumbe ni kazi rahisi. Mwaka uliofuata nikaongeza risasi.

Pasaka iliyopita ndipo nilipobanwa. Baada ya ibada alinifuata Mama Pasiansi, msusi wa nywele, mke wa ndugu yetu fundi cherehani wa Uvira. Mnamfahamu, ni Mliberia, Kiswahili amejifunza kwa mumewe.

"Papa," akaniambia, "mama yangu alibakia ku ngambo ya mto, ku daraja yenye askari wa kigeni. Mimi nilikuwa mudogo, nilivuka mbele na shangazi. Kama watu ya daraja yako wote walivuka, labda naye alivuka. Ninaenda kumutafuta."

Tayari alikuwa amewapigia simu ndugu zake. Tiketi ya ndege amekwisha kata. Nami nikamjibu, "Mungu akutangulie, mama." Hebu oneni! Hata pale nikamsukumia Mungu mzigo wangu.

Wiki mbili chakula hakikushuka. Nikifungua geti kazini namwona akilini dada huyu anazunguka kijiji kwa kijiji, anamuulizia mtu ambaye nilimvusha mimi kwa maneno matupu. Nilimwomba Bwana aniondolee aibu. Hakuiondoa. Alinipa miguu tu. Jumamosi nikapanda teksi mpaka kwao, nikamkuta anasuka, mumewe yuko kwenye cherehani, nikayasema yote mbele ya mteja aliyesukwa nusu ya kichwa.

Cherehani ikanyamaza. Mama Pasiansi akauachia msuko, akauliza, "Ule mama wa mbele, alikuomba kwa upole?"

"Kwa upole sana," nikasema.

"Basi haikuwa mama yangu. Mama yangu angekutukana mpaka ufungue."

Akacheka. Kisha akalia, nami nikalia, mara ya kwanza tangu daraja lile. Mumewe akanionyesha mlango, nikatoka. Safari hakwenda.

Ndugu zangu, siku ile nilifunguliwa! Risasi hazikunikaribia kamwe. Kilichokuwa kinaniua ni mdomo wangu, na Bwana ameniponya nao. Mchungaji alinishauri niuache ule ushuhuda kimyakimya. Unisamehe, Pasta, lakini niliutoa kwa kipaza sauti, na kwa kipaza sauti hichohicho naufuta. Mama Pasiansi amekaa pale, mstari wa tatu. Hajasema kama amenisamehe, nami sina uso wa kumuuliza.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia miaka yote hiyo nikila sifa zisizo zangu. Wewe ambaye ushuhuda wako unanenepa kila mwaka, njoo hapa mbele leo, usiogope. Mtumainini Bwana, maana yeye hahitaji kuongezewa chumvi. Wale watu wa ng'ambo anawajua wote, yule mama mpole na mtoto wake pia, kwa majina yao. Mimi niliwaona kwa macho haya, na sikuwauliza hata jina.