Tarcisio Obwona, Karani Aliyegonga Geti la Kapteni

Tarehe 30 Septemba 1978 Mzee Tarcisio Obwona anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili kwa miaka ishirini na sita. Aliingia kama tarishi, akawa mpiga chapa, kisha karani wa mashauri. Anazungumza Kiacholi, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na kwa lugha zote nne anapenda kuuliza.

Udadisi huo ulitutaabisha. Siku moja alitumwa kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo kununua wino. Alirudi saa nane mchana bila wino, lakini akijua kila mkono unaopitiwa na gunia la chumvi kabla halijafika dukani.

Lakini mwaka 1974 udadisi wake uliokoa watu wawili.

Lakot, muuza nguo kuukuu wa soko la Owino, aliingia akichechemea, mguu umefungwa leso. Jana yake aling'atwa na mbwa wa kapteni mmoja wa jeshi katika mtaa wa Bugolobi. Alitaka fidia, kwa kuwa hakuweza tena kusimama sokoni. Mimi, niliyekaa karibu na mlango, nilimshauri arudi nyumbani, heri mguu kuliko roho. Siku hizo watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko kumshtaki mwanajeshi.

Mzee Obwona akaacha chai yake. "Kidonda umekiosha kwa sabuni, mwanangu?"

Lakot alikuwa amekipaka majani tu.

"Na huyo mbwa, amechanjwa?"

Hakuna aliyejua. Mzee akatugeukia: "Kama ana kichaa, hiyo fidia tutampa nani?"

Alikiosha kidonda mwenyewe kwenye bomba la uani, kisha akampeleka Lakot hospitali. Dawa ilikuwa adimu, na daktari akataka kwanza habari za mbwa. Basi Mzee akaenda Bugolobi kwa miguu na kugonga geti. Kapteni mwenyewe akatoka.

"Afande, leo sikuja na kesi," Mzee alimwambia. "Nauliza tu, ile mbwa ilipigwa sindano?"

"Iko na namba shingoni. Wewe unataka nini?"

Mzee aliomba kuisoma namba kwenye kibati cha ukanda wa mbwa, akaipeleka kwa daktari wa mifugo. Daftari la chanjo lilionyesha kuwa namba hiyo ilikuwa ya mbwa mwingine, aliyekwisha kufa, wa mpangaji wa zamani wa nyumba ile. Kapteni alikuwa ameukuta ukanda huo umening'inia ukutani, akamvalisha mbwa wake.

Ilibidi Mzee arudi kwa kapteni kumwambia. Kapteni alimsikiliza, kisha akamwita binti yake Zulaika, mwenye miaka sita. Mkononi mwa mtoto mlikuwa na mikwaruzo ya meno, aliyoipata akicheza na mbwa wiki hiyo.

Mbwa akafungwa kamba. Siku ya nne akatokwa na povu, akafa. Wakati huo Lakot na Zulaika walikuwa wameshaanza sindano za tumboni, siku kumi na nne mfululizo, wakipelekwa hospitali pamoja katika gari la kapteni. Wote wawili walipona. Kisha kapteni akatia sahihi hati ya fidia aliyoiandika Mzee, na Lakot akalipwa matibabu yake na siku zote alizokosa sokoni. Mahakamani hatukufika.

Habari zilienea. Waliong'atwa na mbwa wa kila mtaa wakaja kwetu, akiwemo Ambroise, fundi cherehani kutoka Kongo, aliyedhani mgeni hana haki ya kudai. Mzee alimtafutia haki yake pia. Kila aliyeingia aliulizwa habari za sabuni kabla ya kuulizwa jina.

Nilipokuwa nikiandika wasifu huu nilimuuliza ameshinda madai mangapi ya namna hiyo. Alisema hakuyahesabu. Anachojua ni kwamba kati ya wote waliopitia mezani pake, hajaenda kumzika hata mmoja.

Ahsante, Mzee wetu. Wewe na mkeo Mama Adong mwende kwenu Gulu kwa amani, mle jasho lenu kwa afya na furaha, na Mungu awazidishie miaka.