Mama Kamili na Koti Lililopanuliwa Mara Tatu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kamili, aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usizidi dakika kumi. La pili alimwambia mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayeusoma, mwezi Januari mwaka huu, akiwa amelala chali kitandani na miwani kifuani: "Usije ukasema nilipenda kazi yangu. Kila nikienda mazikoni nasikia marehemu aliipenda kazi yake. Sasa hao waliokuwa wananung'unika huko kazini ni akina nani? Sema niliifanya, basi." Mdogo wake aliahidi, na leo anatimiza ahadi hiyo shingo upande.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba namba saba ya safu ya wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne. Baba yake alikuwa fundi wa njia, mtu wa kutembea juu ya mataruma ya reli kutwa nzima na spana ndefu begani, akikaza boliti. Dirisha la jikoni lilitazama jukwaa la stesheni, na hapo dirishani ndipo mambo yote yalipoanzia. Mtoto alikuwa akiona treni imejaa watu, injini inavuta pumzi, dereva amechungulia nje, mabwana wa daraja la kwanza wamekunja nne, na wote hao wanamsubiri mtu mmoja mfupi mwenye koti la bluu na vifungo vya shaba. Mtu huyo alitazama saa yake bila haraka, akapuliza filimbi, akainua bendera ya kijani, ndipo ulimwengu ukaondoka. Alipotimiza miaka sita alimwambia baba yake kwamba akikua atakuwa mkuu wa stesheni. Baba hakumcheka. Alimwambia, "Basi anza kujifunza saa." Marehemu alijua kusoma saa kabla ya kujua kusoma jina lake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970. Hakuwa mwanafunzi mbaya, ila alikuwa kero. Ripoti yake ya kidato cha pili bado ipo, na mwalimu wa hesabu ameandika kwa wino mwekundu: "Ana bidii, lakini anawasumbua wenzake, na walimu pia, kwa kuwaambia wamechelewa dakika ngapi."

Mwezi Februari 1971 aliandika barua kwenye shirika la reli kuomba mafunzo ya kuongoza treni, ngazi ya kwanza ya kufikia ukuu wa stesheni. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, nalo lilikuwa na mistari miwili. Nafasi za wanawake, lilisema, zilikuwa kwenye usafi, jikoni na karakana ya sare. Baba yake aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Ingia tu, mwanangu. Ukishakuwa ndani, mlango wa pili hauko mbali." Marehemu aliingia karakana ya sare siku ya Jumatatu, tarehe 3 Mei 1971, kwa nia ya kukaa miezi sita. Alikaa miaka ishirini na tatu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati na madirisha ya juu, ili mafundi wapate mwanga bila kupata cha kutazama. Cherehani zilikuwa thelathini. Vumbi la nguo liliingia puani asubuhi na kutoka jioni wakati wa kupenga kamasi, likiwa na rangi ya sare iliyoshonwa siku hiyo. Huko alijifunza kuwajua watu kwa mifuko yao: mkaguzi wa tiketi mfuko wa kifuani wa kuwekea koleo la kutobolea tiketi, mpishi wa behewa mfuko mpana wa tumboni, dereva miwili mirefu ya pajani. Koti la mkuu wa stesheni lilikuwa na mfuko mdogo wa ndani, upande wa kushoto, kwa ajili ya filimbi. Ule mfuko alipewa yeye kuushona, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa miaka hiyo yote aliushona kwenye makoti ya wanaume wengine.

Mwaka 1973 jora moja la kitambaa cha bluu lilikataliwa kwa sababu ya doa la mafuta. Marehemu aliomba kipande kwa msimamizi, akapewa. Alikata kiolezo cha karatasi ya kaki kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, maana koti la mkuu wa stesheni halikuwa limewahi kukatwa kwa kifua cha mwanamke, akashona baada ya saa za kazi kwa wiki tatu. Doa alilificha chini ya kola. Alilitundika kabatini, akalifunika shuka, akarudi kwenye mashine yake. Hakumwonyesha mtu.

Tarehe 10 Aprili 1976 alifunga ndoa na seremala wa mabehewa, marehemu shemeji yetu, aliyekuja karakana na ovaroli iliyopasuka goti na kuendelea kuipasua kila wiki mpaka mafundi wote wakamshtukia. Yeye utotoni alitaka kuwa golikipa. Walipatana mapema kwamba hawataulizana kuhusu mambo hayo, na waliishi vizuri hadi Mungu alipomchukua mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani kwao kulikuwa na mwiko mmoja: mgeni hakuruhusiwa kumuuliza mtoto akiwa mkubwa atakuwa nani. Shangazi mmoja alisahau, na marehemu akamwambia palepale mezani, "Muulize kama ameshiba. Hilo anaweza kukujibu."

Mwaka 1985 shirika lilibandika tangazo kwamba wanawake sasa wangepokelewa kwenye mafunzo ya kuongoza treni, mwisho miaka thelathini. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na minne. Alilisoma tangazo, akaingia ndani, akakaa. Jirani yake wa mashine alimsikia akisema, "Hata hawakuomba radhi." Hakulizungumzia tena.

Miaka minne baadaye msimamizi aliingia karakana amechanganyikiwa, na msichana mwembamba nyuma yake. Huyu hapa, alisema, ni mkuu wa stesheni wa kwanza wa kike, anaanza kazi Jumatatu, na hatuna kiolezo cha koti lake. Ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Marehemu alienda nyumbani wakati wa chakula cha mchana, akarudi na karatasi ya kaki iliyokunjwa, iliyopauka kwenye mikunjo.

"Umeipata wapi hii?" msimamizi aliuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Zamani. Mwambie avue sweta nimpime."

Yule msichana alisimama mikono imenyooka. Marehemu alimpima mabega, akapunguza kiolezo vidole viwili ubavuni, akakata. Jumamosi mchana alimvalisha, akamfunga vifungo mwenyewe mmoja mmoja, akamwonyesha mfuko wa filimbi.

"Dada, unanitisha," yule msichana alisema. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Naangalia mshono," marehemu alimjibu. "Na usichelewe hata siku moja. Ukichelewa nitasikia."

Jioni ile mdogo wake alimkuta amekaa jikoni gizani na viatu miguuni. Alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa siku moja. Mdogo wake alimwonea uchungu mno, na mpaka leo hajui alipaswa kumwambia nini, kwa hiyo alipika chai.

Treni za abiria zilisimamishwa mwaka 1994, na karakana ikafungwa tarehe 30 Juni. Marehemu aliruhusiwa kuondoka na cherehani yake. Aliifunga kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, akashona sare za shule, za walinzi, za wahudumu wa hoteli, kwa miaka mingine ishirini na mitano. Hapo ndipo alipopata jina. Mafundi wengine wote wakiulizwa nguo itakuwa tayari lini husema njoo kesho, na kesho husema njoo kesho. Yeye alisema, "Alhamisi saa kumi kamili," akaandika kwenye ubao ukutani, na Alhamisi saa kumi kamili nguo ilikuwa imepigwa pasi. Lakini na wewe ilibidi ufike. Mlinzi mmoja, ambaye yupo hapa leo na ameruhusu lisemwe, alifika saa kumi na dakika kumi na mbili akakuta mlango umefungwa.

"Mama Kamili, nimefuata suruali yangu."

"Imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Nyingine ni Jumatatu saa tatu. Uwahi."

Mlinzi alikwenda lindo Jumapili nzima na suruali ya shemeji yake. Jumatatu alifika saa mbili na nusu.

Mwaka 2019 macho yalikataa sindano, na miguu, iliyokanyaga pedali miaka arobaini na minane, ilikuwa ikivimba tangu asubuhi. Alifunika mashine. Mwezi Septemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa katika hospitali mbili na kuuguzwa nyumbani na binti yake wa mwisho, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake kwa miezi minne. Alikonda sana. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Aprili 2023, saa saba na dakika tano mchana. Dakika chache kabla, yeye mwenyewe alikuwa ametazama saa.

Wakati wa kutafuta nguo za kumzika ndipo koti lile la 1973 lilipotolewa kabatini. Kijana wake mkubwa alikataa azikwe nalo. "Mama mdogo, watu watasemaje? Mama hakuwa mkuu wa stesheni. Tutamzika na cheo cha uongo?" Alisema kwa adabu, na hakukosea. Mdogo wa marehemu, ambaye mkono wa kushona alifundishwa naye, hakubishana. Aliligeuza koti ndani nje akaliweka mezani chini ya taa.

Mishono ya ubavuni ilikuwa imepanuliwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa uzi mnene mweusi wa karakana, baada ya kuzaliwa huyo huyo kijana. Mara ya pili kwa uzi huohuo, baada ya mapacha waliomfuata. Mara ya tatu kwa uzi mwembamba wa dukani, aliokuwa akiutumia kwenye sare za shule, maana yake karakana ilikuwa imeshafungwa na treni hakuna. Halafu mshono wa nne, wa kupunguza, kiganja kizima kila upande. Huo haukuwa wa mashine. Ulishonwa kwa mkono, kitandani, na hatua zake hazikulingana. Marehemu hakuwahi kushona mshono usiolingana maisha yake yote.

Kijana alipitisha kidole juu ya mshono ule mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pasi iko wapi?" Akalinyoosha mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wawili, na cherehani moja iliyofunikwa. Koti limemkaa sawasawa. Kwenye safu ya pili amekaa mkuu wa stesheni mstaafu, yule msichana mwembamba wa mwaka 1989, na ameshatazama saa yake mara mbili. Ana haki. Ratiba mliyoshika mkononi inasema tunaondoka kwenda makaburini saa tisa kamili, na zimebaki dakika tatu.

Kazi aliifanya. Apumzike sasa kwa amani, na sisi tusimcheleweshe.