Amina ya Mke wa Mjumbe

Asubuhi hiyo tulikuwa watu watano kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi. Alikuwapo Kinyozi mwenyewe, ambaye hukaa nasi mpaka apate kichwa cha kunyoa. Alikuwapo Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Jina kamili tulilompa ni Breki Hamna, tukalifupisha kwa heshima ya umri wake. Alikuwapo muuza kahawa, ambaye wengine humwita Mzee ingawa ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo mimi humwita kwa kazi yake. Alikuwapo Mjumbe wa mtaa. Na nilikuwapo mimi, wanayeniita Karani kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya. Mjumbe alikaa mwisho wa benchi, macho mazito, kahawa yake inapoa mkononi.

— Shemeji bado? akauliza Breki.

— Bado. Jana tena nimesali peke yangu, na nyumba imejaa watu.

Habari tuliijua. Kila jioni Mjumbe huwakusanya watu wake sebuleni, husali kwa sauti, nao huitikia Amina. Lakini alipojenga bafu la uani, bomba la maji machafu alilielekeza uchochoroni, na uchochoro unateremka mpaka kizingitini kwa bibi mmoja mjane, anayeishi peke yake katika nyumba ya chini. Kila mara watu wa Mjumbe wakioga, bibi hushika ufagio na kuyasukuma maji ya sabuni yasiingie ndani. Na huyu ndiye Mjumbe anayetubishia hodi kila mwezi kutukumbusha usafi wa mitaro. Mkewe alimwambia arekebishe, akachoka kusema. Jioni moja, Mjumbe alipofika mahali pa kuwaombea majirani, mke akanyamaza. Watoto wakanyamaza. Hata mama mkwe, ambaye hasikii vizuri, akawatazama midomo, naye akanyamaza.

— Ulimwuliza kwa nini? akasema Kinyozi.

— Nilimwuliza. Akaniambia, "Amina yangu iko mlangoni kwa yule bibi. Kaichukue."

— Lo! Huyo mwanamke ana maneno, akasema muuza kahawa.

— Maneno gani? Anamtesa mwenzake, akasema Kinyozi. Sikiliza, Mjumbe. Sala ni ya baba wa nyumba. Mimi nikimnyoa mtu, nywele zinakubali au hazikubali? Zinaanguka tu.

— Wewe unazungumza habari za nywele, akasema Breki. Mimi nimeendesha lori nusu ya maisha yangu. Amina ni ile pini ya kuunganisha tela. Ukiondoka bila pini, wewe unakwenda, unapiga honi, unapungia watu mkono. Mzigo umebaki stendi.

— Sasa sala zangu zote ziko wapi?

— Ziko pale pale sebuleni, bwana. Zimejazana darini. Ndiyo maana unalalamika nyumba ina joto.

Hakuna aliyecheka sana. Tulikuwa tumechoka, kila mtu kwa sababu zake.

— Huna simu? Kinyozi akaanza tena. Mvizie shemeji siku anaitikia kwa wengine, mrekodi. Jioni ukimaliza kusali, unabonyeza.

— Na watoto?

— Wote kwenye simu. Mama mkwe pia.

— Huo ni utapeli, akasema muuza kahawa. Fuata taratibu. Wewe ni Mjumbe au si Mjumbe? Mke wako ni mkazi wa mtaa huu. Itisha kikao, mkazi aitwe, aulizwe kwa nini anazuia shughuli.

— Kikao akiongoza nani? nikauliza.

— Mjumbe.

— Na mlalamikaji?

— Mjumbe. Lakini atabadilisha kiti, Karani, usinichanganye.

Breki akasema hayo yote ni mzunguko mrefu. Sisi hapa tuko watu wazima, tumwitikie sisi. Mjumbe asali palepale, benchi liseme Amina, mambo yaishe. Kinyozi akavua koti lake la kazi. Mjumbe akasali, maneno machache tu, kwa sauti iliyokauka. Alipofika kwa majirani akasita, kisha akamaliza. Tukasema Amina. Breki alikohoa katikati ya yake.

— Umesikia nafuu? akauliza muuza kahawa.

— Hapana.

— Basi vunja hilo bomba, ndugu yangu, akasema Breki kwa sauti ya chini. Leta fundi, geuza maji yaende mtaroni.

— Nimeshamwaga saruji juu yake. Nikianza kupiga nyundo pale, mtaa mzima utatoka nje kutazama. Watasema, kumbe! Miezi yote anatuhubiria mitaro. Nitamgongea nani mlango tena?

— Kwa hiyo utakaa hivyo?

— Sijui. Nyumbani kwangu naonekana mpangaji. Wananiwekea chakula vizuri, wananipa shikamoo, kila kitu. Ila nikifumba macho kusali nasikia saa ya ukutani.

Kijana mmoja mpaka rangi, aliyekuja kupaka mlango wa duka la Kinyozi, alikuwa amechuchumaa karibu nasi akikoroga rangi yake. Hatukuwa tunamfahamu. Akanyanyua kichwa.

— Samahanini, wazee. Huyo bibi mwenyewe anasemaje?

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi hupita mlangoni kwake kila siku, naye hunijibu salamu akiwa ameegemea ufagio, na sikumbuki kumwuliza lolote zaidi ya hali.

— Hajalalamika, akasema Mjumbe.

— Sijauliza kama kalalamika, mzee. Nauliza anasemaje.

Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe changu. Lilitoa machicha. Yule kijana, kwa adabu, akarudi kwenye rangi yake.

Mjumbe akaweka kikombe chini, akasimama, akajipangusa suruali.

— Ngoja nikamwulize, akasema.

— Twende wote? akauliza Breki.

— Hapana. Acha niende mwenyewe.

Hakufika mbali. Mkewe alikuwa anakuja upande wetu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, anatembea bila haraka. Alitusalimia mmoja mmoja kama kawaida yake. Kisha akamgeukia mumewe.

— Ulikuwa unakwenda wapi, baba watoto?

— Kwa bibi wa nyumba ya chini.

— Nimetoka huko. Wanakutafuta wewe, kwa kuwa ndiwe mjumbe. Bibi amefariki.