Fungua, Aliyekiokoa Chumba cha Meno

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu wa meno anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini hospitali nzima inamwita Fungua, kwa sababu hata ukikutana naye kwenye ngazi salamu yake ni ileile: "Hujambo? Hebu fungua kinywa."

Alipoanza kazi, chumba cha meno kilikuwa kimoja tu, mwisho wa korido, na watu walikipita mbio huku wameshika mashavu. Waliamini humo ni kung'oa tu. Wagonjwa walikuwa haba mno hata uongozi ukapanga kukigeuza stoo ya magodoro. Fungua aliomba mwaka mmoja. Akalifungia koleo la kung'olea kabatini, akavuka barabara hadi shule ya msingi akiwa na boksi la miswaki.

Watoto walimpenda papo hapo. Alipiga mswaki mbele yao, povu likimchuruzika mpaka kwenye tai, nao wakarudi nyumbani kuwakagua wazazi. Baba mmoja alitufikia amenuna: binti yake alikuwa amekataa kukaa naye karibu mpaka akasafishwe meno!

Ila aliyegeuza mambo ni fundi cherehani wa sokoni. Dada huyu alizoea kuongea huku ameziba mdomo kwa mtandio, na alikuja akiwa tayari kung'olewa meno ya mbele yote. Fungua alimkagua, akasema, "Dada yangu, haya hayatoki. Tunayatibu." Akayasafisha, akayaziba, akamfundisha kutunza fizi. Siku alipopewa kioo, dada alicheka kicheko kilichosikika hadi mapokezi. Kisha akakaa kwenye benchi, mtandio mabegani, akimwonyesha meno kila aliyepita. Wiki iliyofuata foleni ilitoka nje ya lango.

Magodoro yakatafutiwa pengine. Leo tuna vyumba vitatu na madaktari vijana aliowalea mwenyewe, na mwaka jana, kwa mara ya kwanza, tuliziba meno mengi kuliko tuliyong'oa. Hilo ndilo kombe lake, na tunalinyanyua pamoja naye.

Shemeji, tunakurudishia mumeo akiwa mzima wa afya. Mvumilie akianza kukagua majirani. Kaka, asante kwa yote. Ustaafu wako uwe mtamu: ule vizuri, ulale fofofo, na wajukuu wakuchekeshe mpaka mbavu ziume.