Mama Gundi Anavua Aproni

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la awali, mwalimu wetu tunayemwita Mama Gundi anastaafu. Jina hilo alipewa na watoto, na hakuna aliyeuliza sababu: sijawahi kumwona akienda nyumbani bila kipande cha karatasi kilichonata kwenye kiwiko. Mumewe, fundi cherehani, anasema ameshazoea kumbandua kwanza, salamu baadaye.

Alianza na chumba kimoja, watoto arobaini na mikasi minne, mitatu ikiwa butu. Akakusanya mabaki ya vitambaa kwa mumewe, vifuniko vya chupa na maboksi ya dukani mpaka akajaza rafu tatu. Ofisini tulimtania kwamba akipita karibu na pipa la taka, pipa linabaki tupu. Lakini watoto wake walijifunza kuhesabu kwa vifuniko hivyo, na herufi walizifinyanga kwa udongo kabla ya kuziandika.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Mtoto hasahihishiwi picha yake. Na nyuma ya kila picha huandikwa maneno ya mchoraji, kama alivyoyasema. Ndiyo maana kabatini tuna picha zilizoandikwa "Huyu ni bibi ameikasirikia mvua" na "Hiki si kitu, nilikuwa nafurahi tu."

Aliyevunja sheria ya kwanza ni mimi, msaidizi wake. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba watoto wanarudi na rangi kwenye nguo na madaftari matupu, kikao kikaitishwa. Wasiporidhika, rafu zingeondolewa na watoto wangekaa kwenye madawati kunakili herufi tangu asubuhi hadi mchana. Siku moja kabla, watoto walipoondoka, niliziangalia picha zilizobandikwa ukutani nikaingiwa na hofu. Nikashika brashi. Ng'ombe wa miguu mitano nikampunguzia mmoja, mapaa nikayanyoosha, na kila mtu nikampa shingo. Nilijiona nimeokoa jahazi.

Asubuhi Mama Gundi alizitazama, kisha akaanza kuzibandua moja moja. Hakunigombeza. Aliniambia tu nimwombe radhi kila mtoto, nikiwa nimechuchumaa. Nilichuchumaa mara thelathini na nane, na magoti yangu hayajasahau. Msichana mmoja alitaka kujua mguu wa tano wa ng'ombe wake nimeupeleka wapi.

Wazazi wakakuta ukuta mtupu. Mwalimu mkuu jasho lilikuwa likimtoka. Mama Gundi, bila wasiwasi, akawakalisha kwenye vile viti vidogo, magoti yakikaribia videvu, akawagawia karatasi na rangi, halafu akawapa watoto kazi ya kuwasimamia wazazi wao. Baba mmoja, dereva wa lori, ambaye ndiye aliyelalamika kuliko wote, alikaa dakika kumi brashi ikiwa hewani, akisema hajui kuchora. Binti yake wa miaka mitano akamwambia aanze na doa. Akaanza na doa. Doa likawa lori, lori likapata barabara, na mwisho wa barabara ikatokea nyumba. Mama Gundi akamwomba aeleze, akaandika nyuma: "Huyu ni mimi nawahi kurudi, mwanangu hajalala bado."

Baba yule aliisoma mara mbili. Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni, akajinasua kwenye kiti kwa shida na kusema rafu zibaki. Hakuna aliyempinga.

Rafu zipo mpaka leo, na kuanzia Januari darasa hilo ni langu. Naogopa, sifichi. Ila najua ninacholinda, kwa sababu niliona kikiponea chupuchupu.

Mama Gundi, asante kwa subira yako, hasa kwangu. Kwa miaka yote hii hatujawahi kuona picha uliyoichora wewe mwenyewe. Hata jua ulikataa kulichora ubaoni, watoto wasije wakaliiga. Kwa hiyo zawadi yetu ni karatasi nyeupe mia moja na kisanduku cha rangi. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa asubuhi, na jua lako mwenyewe, la rangi yoyote uipendayo.